Maji ya Nsansa

Jioni za kiangazi upande wa Kharumwa huja polepole. Ng'ombe wanarudi kutoka malishoni, vumbi lao linapanda, na jua likipita ndani ya vumbi hilo kijiji kizima kinageuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi wa majiko unatulia juu ya mapaa. Saa hizo hakuna mwenye haraka. Kila nyumba inanukia chakula chake, na kila nyumba inaamini kuwa ni yake tu iliyopika sawasawa.

Nyumbani kwa Paskazia palinukia nsansa. Nsansa ni majani ya kunde yaliyochemshwa kidogo, yakaanikwa, yakawekwa akiba kwa miezi isiyo na mvua. Paskazia alikuwa mjane, na watu walimwita Mama Mayala, kwa jina la mwanawe. Nsansa zake zilisifiwa hadi gulioni. Alizipika kama mama yake alivyomfundisha. Alizichemsha na magadi mpaka zikalegea kabisa. Kisha alimwaga maji, akazichemsha tena, akamwaga tena, ndipo akatia karanga zilizotwangwa. Maji aliyamwaga kwenye shina la mpapai nyuma ya jiko. Mpapai ule ulinawiri kuliko mtu yeyote wa nyumba ile.

Mayala alifanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu. Alirudi jioni akiwa mwekundu kwa vumbi tangu nywele hadi kandambili. Mkewe, Mariana, alikuwa mtu wa Chato, huko ziwani, naye alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwao Mariana mboga haikai sana motoni, na hutiwa nyanya na ndimu au ukwaju. Siku moja alijaribu kupika hivyo. Paskazia alionja, akaweka kijiko chini, akawaambia majirani kwamba watu wa ziwani hutia uchachu kwenye kila kitu, utadhani wanaogopa samaki atafufuka.

Majirani walicheka. Mariana naye alicheka, lakini hakupika tena namna ile. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mimi naongeza kuwa jikoni ndiyo kabisa.

Hata hivyo Paskazia alimpenda mkwe wake. Ugali ukishawekwa, alimjazia kikombe cha chai ya rangi, imekolea mpaka nyeusi. Alimtolea yeye mwenyewe kidonge cha kuongeza damu kilichotoka kliniki, akamsimamia akimeze kwa chai hiyo ya moto. Aliona amefanya jambo jema, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Kiangazi kilipoendelea, Mariana alianza kuota ndoto. Aliota akiwa amelala, na aliota hata akiwa amekaa anachambua karanga. Ndoto ilikuwa ile ile. Mvua ya kwanza inanyesha Chato, matone makubwa yanapiga njia ya kwenda ziwani, na udongo unatoa ile harufu yake. Yeye anatembea peku, hachoki, na mbele yake kila kitu kinang'aa. Akizinduka mdomo umejaa mate. Alianza kumega vipande vya udongo kwenye ukuta wa jiko. Baadaye akawa ananunua udongo gulioni, vile vijiti vya kijivu wanavyouziwa wajawazito, akavificha kwenye pindo la kanga.

Mayala alivigundua, akacheka sana. Alisema yeye anauchimba udongo na mkewe anaula, basi wataimaliza nchi. Lakini kicheko kilimwisha mapema. Jioni moja Mariana alikuwa anatoka kisimani, macho yakaingia giza, akakaa chini katikati ya njia. Ndoo ikamwagika. Alisema baadaye kwamba hakuumia. Alihisi kama mtu anayezama kwenye maji ya uvuguvugu, na hakutaka kutoka.

Asubuhi Mayala alimpeleka zahanati. Muuguzi alimtazama ndani ya kope na viganjani, akampima damu. Akamwambia wazi mbele ya mumewe: damu ilikuwa chini mno. Mwanamke akiingia kujifungua na damu kama ile, hata akivuja kidogo anaweza kufa, na mtoto yumo hatarini. Aongeze damu kabla ya siku zake za kujifungua. Ajifungulie hospitali ya wilaya, si nyumbani, na ndugu waende kuchangia damu. Akampa na dawa ya minyoo.

Paskazia alipoambiwa habari hiyo hakula jioni ile. Watu wa nyumba walijua kwa nini. Alikuwa na binti aliyeitwa Noela. Noela alijifungua salama, akavuja damu, akafa kabla jua halijachwea. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa jikoni mle.

Kesho yake alikuja jirani yao, Asteria. Asteria alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa Msukuma wa palepale, mlaji mzuri wa nsansa, tena hakuficha. Alisalimia shikamoo, akapewa kigoda, akaambiwa asubiri chakula. Aliuliza habari za vidonge. Mariana alisema anavimeza kila siku, kwa chai. Asteria alitazama birika la ile chai nyeusi.

Nsansa zilipochemka, Paskazia aliinua sufuria kwenda kwenye mpapai. Asteria akaomba yale maji yamwagwe kwenye bakuli. Paskazia alishangaa, lakini mgeni ni mgeni. Wakayatazama wote. Yalikuwa ya kijani kizito, yanakaribia weusi, na mvuke wake ulinukia shamba la kunde.

"Mama, huu ukijani umetoka wapi?" Asteria aliuliza.

"Kwenye majani. Utoke wapi tena?"

"Na majani yaliyobaki yana nini?"

Paskazia alitazama sufuria. Majani yalikuwa yamepauka. Akasema, "Kwa hiyo mpapai ndio unaokula mboga."

"Mpapai unakula mboga, sisi tunakula makapi," alisema Asteria. "Mboga ya majani ina vitu vinavyosaidia mwili kutengeneza damu. Vingine vinatoka na maji. Vingine vinaharibiwa na magadi na moto mwingi. Tukimwaga maji, tumevimwaga."

Akaeleza na mengine, taratibu, huku akimega ugali. Chai ni nzuri, lakini ikinywewa pamoja na chakula au kidonge, inazuia mwili kuchukua madini ya damu. Kidonge kimezwe kwa maji. Chai isubiri mpaka chakula kitulie tumboni, saa nzima au zaidi. Nyanya, ndimu au ukwaju ni kinyume chake. Vitu vichachu hivyo vinausaidia mwili kuyachukua madini yaliyo kwenye mboga na maharage. Paskazia alimtupia mkwe wake jicho la haraka, Mariana akainama kutazama sahani yake.

"Dagaa, maharage, nyama ikipatikana, vyote vinaongeza," aliendelea Asteria. "Lakini kwa damu iliyoshuka hivi, chakula peke yake hakitoshi. Vidonge asiviache, hata vikimfanya apate choo cheusi. Hiyo ni kawaida. Na kliniki asikose."

Kisha akamgeukia Mariana. Alimwambia hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Lakini udongo hauleti damu. Unazuia chakula na unaweza kuleta minyoo. Tena kwenye maeneo kama haya, watu wanakosafishia dhahabu kwa zebaki, hakuna ajuaye udongo gani una sumu.

Mariana alifungua pindo la kanga, akatoa vile vijiti, akaviweka mezani bila kuambiwa.

Paskazia alikuwa bado ameshika bakuli. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Noela naye alikula udongo. Nilimwona. Na mboga alikula hii hii yangu, na chai hii hii."

Huko nje ndama alikuwa anamwita mama yake.

"Mama," alisema Asteria, "sahani ya mboga haiui mtu. Kuvuja damu kuna sababu nyingi, na mimi sikuwepo. Ulimpa ulichokuwa unakijua, na ulimpa kwa upendo. Sasa unajua zaidi. Huyu hapa bado yupo."

Paskazia alilia, na waliobaki wakamwacha alie.

Nisikudanganye, msomaji, kwamba mambo yalinyooka siku iyo hiyo. Nsansa za kwanza zisizo na magadi zilikuwa ngumu. Paskazia alikuwa na meno machache, naye alitafuna akilalamika kuwa ni kama kula mkeka. Mayala alisema afadhali mkeka una mapambo. Siku chache zikapita hivyo. Ndipo Paskazia mwenyewe akapata akili. Alizitwanga nsansa kavu kwenye kinu mpaka zikavunjika ndogo ndogo. Alizipika kwa maji kidogo, sufuria imefunikwa, akaacha maji yaishie humo humo. Akatia karanga. Halafu, huku akitazama pembeni, akamwambia Mariana alete nyanya na ule ukwaju wake wa ziwani.

Mayala alikula akanyamaza, akaongeza ugali, akaongeza tena. Kwa Msukuma hiyo ni hotuba. Paskazia alisema ukwaju umezidi, lakini alikomba sahani.

Jioni zikawa zinakuja vilevile, na vumbi lake la dhahabu na moshi wake. Chai ilisubiri kwenye birika mpaka vyombo vikauke. Mvua ya kwanza iliponyesha, Mariana alisimama mlangoni akanusa udongo. Ilikuwa harufu nzuri tu, kama ya maua. Hakutaka kuila. Kliniki wakampima, damu ilikuwa imepanda, na walipompima tena ilikuwa imepanda zaidi. Mayala na wachimbaji wenzake walikwenda hospitali ya wilaya kuchangia damu. Walirudi wakitaniana ni nani aliyefumba macho alipoona sindano.

Siku ilipofika, Paskazia alikaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Hakula, hakunywa. Mlango ulipofunguliwa alisimama. Muuguzi alimshika bega. Alimwambia ni mtoto wa kike, mzito, na mama yake anaomba uji. Alivuja kidogo tu, kama ilivyo kawaida. Damu iliyokuwa imewekwa tayari kwa ajili yake haikuhitajika. Damu hiyo amepewa mama mwingine aliyeletwa akiwa na hali mbaya, naye amepona.

"Wabeja," alisema Paskazia, yaani asante. Kisha akauliza, "Huyo mwingine ni nani?"

Muuguzi alisema siri za wagonjwa hazitolewi.

"Sitaki siri yake. Nataka kumpikia."

"Mama, humu wodini wako wengi. Utamjuaje?"

Paskazia alifunga kanga yake vizuri, akaondoka kwenda kutafuta usafiri wa kurudi nyumbani. Kesho yake jioni alirudi na sufuria kubwa ya nsansa, akapakua kitanda kwa kitanda, wodi nzima.