Ruhusa ya Kutua Kisondela

Alasiri ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Mvua ya Tukuyu ilikuwa imepumzika, ukungu umekaa barabarani, na mimi niliyekuwa likizo kutoka chuoni nilikuwa nahudumia wateja wawili kwenye intaneti kafe ya mjomba Meshaki. Yeye alikuwa kwenye kompyuta ya kona, anaongoza ndege.

Si ndege za kweli. Ilikuwa mwaka 2004, intaneti imetufikia, na mjomba alikuwa amegundua mchezo ambao watu wa dunia nzima hurusha ndege za kompyuta, huku wengine wakijifanya waongozaji wa mnarani. Yeye alijipa mnara wa Mbeya. Rubani akikaribia anajitambulisha, anasema yuko wapi. Mwongozaji anamwambia ashuke, azunguke, au atue. Na rubani lazima arudie agizo neno kwa neno. Asiporudia, hesabu hajasikia. Yote hayo kwa Kiingereza, na mjomba alikitamka kama waziri.

"Atu, mjomba wako anaongea na ndege tena?" Naima wa duka la vitenge alichungulia mlangoni. "Siku moja itatua kichwani pake!"

"Acha itue, dada. Labda italeta akili."

Sikuwa natania. Miezi michache kabla, mdogo wake wa kike, mama mdogo Elina, alifia Dar es Salaam kwa ule ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kukonyezana. Jeneza likasafirishwa hadi kwao Kisondela. Mjomba akasimama kwenye njia ya migomba, panga mkononi, akasema hapa halishuki, aibu ikazikwe ilikopatikana. Nyumba aliyokuwa anailinda ilijengwa kwa jasho la Elina, kuanzia mabati hadi misumari! Tukazunguka na maiti kutwa nzima, mvua ikinyesha, mpaka tukamzika makaburi ya mjini, katikati ya watu wasio na ndugu. Mama yangu hakulia. Alinung'unika tu, na majirani wakanung'unika naye. Wazee wa Kinyakyusa husema manung'uniko ya namna hiyo hugeuka baridi, mbepo, na baridi hiyo humtafuta mwenye kosa.

Basi alasiri ile spika zikakoroma. Alama ndogo ikatokea kwenye skrini. Haikuwa na jina wala namba.

"Mbeya, naomba kutua."

Kwa Kiswahili. Sauti ya mwanamke, yenye kikohozi.

Mjomba akacheka. "Nani huyo? Uko wapi?"

"Juu ya Kisondela."

Kicheko kikakatika. Akasogelea maiki. "Zunguka. Subiri."

"Nazunguka. Nasubiri."

Ile alama ikaanza kuzunguka. Nikaona pumzi yangu inatoka kama moshi. Wateja wakatazamana, wakaondoka bila kuaga.

"Mbeya, nimezunguka. Naomba kutua."

"Zunguka!"

"Nazunguka."

Mjomba akachomoa waya wa intaneti ukutani. Skrini ikaganda. Sauti haikuganda.

"Nimechoka kuzunguka, kaka."

Akanigeukia. Midomo ilikuwa imempauka. "Atu," alinong'ona, "nifanyeje?"

Ningeweza kumhurumia. Sikumhurumia.

"Mpe ruhusa yake."

"Watu watasema nini?"

"Walishasema, mjomba. Mpe, au azunguke humu humu."

Akavuta maiki. Meno yalikuwa yakigongana. "Ruhusa... ruhusa ya kutua. Nyumbani."

"Ruhusa ya kutua nyumbani," sauti ikarudia, polepole, kama mtu anayeonja chakula alichonyimwa.

Kisha:

"Sasa wewe, Meshaki. Shuka."

"Nashuka," akajibu. Mazoea tu. Sidhani kama alijua ameshajibu.

Akateremka kwenye kiti. Akapiga magoti.

"Shuka."

"Nashuka."

Akalala kifudifudi. Shavu kwenye saruji.

"Endelea kushuka."

"Naendelea kushuka."

Kucha zake zikaanza kukwangua sakafu.

Nikazima umeme wa kafe nzima. Sauti ya Elina ikakatika. Mjomba akaendelea kujibu.

Hajasimama mpaka leo. Madaktari hawakuona ugonjwa. Mlaze kitandani, alfajiri utamkuta chini, uso kwenye udongo, anarudia maagizo tusiyoyasikia. Na msiniulize kama namlilia.

Usiku ule mvua ilinyesha bila kukoma. Asubuhi mimi na mama tukaenda Kisondela. Migomba ya mbele ya nyumba ilikuwa imelala mistari miwili mirefu, kama kingo za njia ya kutulia ndege, yote imeelekea mlangoni. Pale mistari ilipoishia palikuwa na tuta la udongo, urefu wa mtu, limepigwapigwa vizuri kwa viganja. Majirani waliapa hawajashika jembe.

Mama akachuchumaa. "Ugonile, Elina," akalisalimia kwa Kinyakyusa, yaani umelalaje.

Akachukua udongo, akanitilia mkononi. Ulikuwa mkavu. Na ulikuwa na joto, kama mahali alipotoka kulala mtu.