Mkate Uliolowekwa kwa Maziwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Galia aliwanywesha mbuzi maji, akafagia mchanga ulioingia hemani, kisha akaketi kula na bibi yake, Mneina. Bibi alikula mkate. Galia alikula uji wa mahindi. Kwa miaka mingi alikuwa akiharisha na kukonda, hata wenzake darasani wakamwita Bi. Chooni. Miezi mitatu iliyopita muuguzi Embarka alimtoa damu, na majibu yakarudi kwamba tumbo lake halipatani na ngano wala shayiri. Asionje hata chembe, maisha yake yote.

Ngano! Sisi wakimbizi tuliolelewa na unga wa msaada tangu tulipokimbia vita, tuambiwe hivyo? Bibi Mneina alicheka kwa uchungu.

"Tangu lini mkate ukawa sumu?" alisema. "Tulipofika jangwa hili hatukuwa na kitu. Unga ndio uliotuweka hai. Huyo Embarka nimemzalisha mama yake, leo anifundishe kulisha mtoto?"

Basi asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine nyingi, alimega mkate, akauloweka kwenye maziwa ya mbuzi yenye sukari, akampelekea mjukuu wake mdomoni.

"Kula, roho yangu. Uji huo hautakutia nguvu."

"Lakini bibi, Embarka alisema..."

"Embarka ndiye aliyekulea? Au mkono wangu unakutia kinyaa?"

Galia akafungua mdomo. Mkate ulikuwa mtamu kweli. Kabla ya mapumziko alikuwa amejikunja nyuma ya choo cha shule, jasho linamtiririka.

Alhamisi Galia na bibi walikwenda kliniki. Embarka alimpima uzito, akakunja uso. Kilo mbili zilikuwa zimepungua.

"Umekula ngano?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, haki ya Mungu."

"Basi una ugonjwa mwingine, mkubwa kuliko huu. Itabidi upelekwe hospitali ya mjini wakuingize mpira wenye kamera tumboni, waangalie."

Galia alitazama sakafu. Alikuwa tayari kuingizwa mpira kuliko kumwaibisha bibi yake. Bibi Mneina alimwona, na moyo wake ukamsuta.

"Anadanganya," alisema polepole. "Anakula. Mimi ndiye ninayemlisha."

Embarka alitaka kufoka, lakini bibi alimwahi.

"Na Salek?"

Salek alikuwa mdogo wake Galia. Alikufa mwaka juzi akiwa na miaka minne, tumbo limevimba, miguu imekonda kama vijiti. Kadiri alivyokonda, ndivyo bibi alivyozidi kumlowekea mkate, asubuhi, mchana na jioni.

"Hatukumpima, mama," Embarka alisema. "Siwezi kusema kwa hakika."

"Usinifiche, binti yangu."

"Dalili zake zilikuwa hizi hizi."

Bibi hakulia pale. Alilia njiani, kwa sauti, watu wakimtazama, na Galia hakujua amshike wapi.

Tangu siku hiyo Galia alipata sufuria yake na kijiko chake, visivyogusa ngano. Alipikiwa wali, dengu, na nyama ya ngamia ilipopatikana. Baada ya miezi miwili alikuwa ameongezeka kilo nne, na wale waliomwita Bi. Chooni sasa aliwaacha nyuma kwenye mbio. Alikimbia nyumbani kumwonyesha bibi kadi ya kliniki. Bibi aliitazama, asitabasamu.

"Ulijua mkate unakuumiza, na bado ukaula. Kwa nini?"

"Sikutaka kukukosea adabu, bibi."

"Adabu!" Bibi alimshika kidevu kwa nguvu. "Nisikilize. Mkubwa akikosea, mwambie amekosea, hata akiwa mimi, hata nikinuna mwezi mzima. Na muuguzi akikuuliza, sema kweli. Kwa uongo wako angekutibu ugonjwa usio wako. Salek alikuwa mdogo, hakujua la kusema. Wewe una mdomo. Nisije nikakuzika na wewe kwa sababu ya adabu zako."