Mfuko Uliovuta Pumzi

Upepo haukuwapo kabisa, lakini mfuko mmoja pale kwenye kamba ya kuanikia nguo ulikuwa unajaa na kunywea.

Dobi wa kambi aliuona, akageuza uso. Ilikuwa mifuko myeusi ya kuwavisha kichwani watu waliofungiwa mle, waomba hifadhi na wale walioitwa magaidi, kila walipohamishwa. Siku zote aliigeuza ndani nje kabla ya kuifua. Huu hakuugeuza. Mumewe aliuleta ukiwa mzito, unanuka damu na matapishi, akamwambia afue tu, asiulize. Aliona kinyaa, akaufua juu juu.

Mumewe alikuwa askari wa kambi. Wafungwa walimwita Kufuli. Nyumba yao ilikuwa humo humo, ikitazamana na lango.

Mchana ule Kufuli alisukuma sahani, akasema chakula kinanuka matapishi. Mkewe naye alikuwa ameisikia harufu hiyo. Kisha chumbani alikolala binti yao, mtu akaanza kuhema kwa shida.

Walimkuta mtoto ameketi kitandani, foronya kichwani.

"Vua hiyo, mama," dobi alinong'ona.

Foronya ikazama mdomoni. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mwanamume.

"Afande, yale ni maziwa ya mtoto."

Kufuli alirudi nyuma mpaka ukutani. Hapo akamweleza mkewe yote: mtu aliyekimbia vita akiwa na unga mweupe kwenye mkoba, wakasema ni wa bomu, wakamfunga mikono, wakamvisha mfuko, wakaumwagia maji, wakampiga mateke ya uso, naye akarudia maneno hayo hayo mpaka akanyamaza. Aliyekaza kamba shingoni ni yeye.

Dobi alitoka mbio kumwita mteka maji wake, mganga aliyefungwa mle kwa sababu ya mizizi yake, na njiani akamsimulia yote.

"Dawa ya tumbo waliiita baruti," mganga alisema akiingia, "leo wananiita daktari." Alipomwona mtoto, mzaha ukamtoka. "Jini hukaa pale pumzi ilipokatwa, mama. Ungeugeuza ule mfuko, lingetoka. Sasa lazima augeuze yeye aliyekaza."

"Mimi nilitumwa," Kufuli alisema.

"Basi mwite aliyekutuma, aje apumue badala ya mwanao."

Dobi alikuwa ameng'ang'ania foronya, akiivuta mpaka kucha zikang'oka, akaijaribu kwa kisu na kisu kikapinda kama jani, na mtoto akawa anapiga kitanda kwa visigino vinavyochuruzika damu, na kitambaa kikazidi kuzama mdomoni, na kutoka ndani ya kifua kile kidogo yule mwanamume akaendelea kuomba, afande, afande, polepole, kama mtu anayeishiwa.

Kufuli alikimbilia kambani, akaurarua mfuko toka kwenye vibanio, akaugeuza. Meno mawili yakaanguka. Kitu kisichoonekana kilimpiga kifuani, kikamburuta uani, kikambamiza kwenye karo la kufulia mpaka mkono ukavunjika, kisha kikapita juu ya uzio wa waya.

Chumbani, binti akakohoa, akamwita mama yake.

"Usimvishe mtu tena," mganga alimwonya. "Likirudi halitabisha hodi."

Kufuli aliapa kwa kichwa cha mwanawe.

Siku iliyofuata lori liliingia. Kufuli aliitwa langoni, mkono umening'inizwa shingoni. Akiwa uani anaanika nguo, dobi alimwona kupitia waya: kijana amepigishwa magoti, mkuu wa kambi amenyoosha kidole, na mumewe ameshika mfuko mweusi. Kufuli aliitazama nyumba yake. Akamtazama mkuu. Kisha akamvisha, akashika ncha moja ya kamba kwa meno, akakaza.

Dobi alifumba macho. Upepo haukuwapo kabisa. Alipogeuka, gauni la binti yake pale kwenye kamba lilijaa, likanywea.

Alimwita. Ndani, binti hakuitika.