Kiti cha Egesa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Brendah alimsaidia mama yake kupanga maboksi ya sabuni ya magendo kwenye kiti cha magurudumu cha Mzee Ojakol. Mzee huyo hakuwa na miguu, na pale mpakani Busia hakuna aliyempekua. Maboksi yalimfunika tumbo, kifua, hata kidevu.

"Mama Brendah, naumia."

"Vumilia, mzee, ni hapo tu," mama alimjibu huku akiongeza jingine.

Siku moja darasa la Brendah lilivuka kwenda kuzuru bustani kongwe ya mimea upande wa Uganda. Miti ilikuwa minene, imepandwa zama za wakoloni.

"Nani alichimba mashimo ya miti yote hii?" aliuliza Egesa, rafiki yake Brendah. Naye alitembea kwa kiti cha magurudumu, na Brendah ndiye aliyekuwa akimsukuma.

Mtembezaji alisoma kibao. Kulikuwa na jina la bwana mmoja wa Kizungu. Waliochimba hawakuandikwa popote, na mpaka leo hawajaandikwa.

Brendah hakusikiliza. Alikuwa ameona okidi yenye ua la zambarau imeota kwenye gome la mti. Egesa aliposhushwa nyasini kula chakula cha mchana, Brendah alipanda mti, akaing'oa na mizizi yake, akaificha chini ya mto wa kiti cha rafiki yake. Kiti hakipekuliwi, alijiambia.

Langoni kilipekuliwa. Askari, mama aliyeitwa Zulaika, aliona majani yakichungulia. Mwalimu Arnold akamnyanyua Egesa na kumbwaga chini.

"Mwizi wewe! Ndiyo maana ulilia sana uletwe?"

"Mwalimu, mimi ningepandaje mti?"

"Nyamaza! Utatambaa mpaka kwenye basi!"

"Magendo ya Busia hayo!" mwanafunzi mwenzao Brayo akapaza sauti. Darasa zima likacheka. Brendah naye akacheka, tena kuwashinda wote.

"Mwalimu, huyu ni mtoto," Zulaika alisema.

"Ni mwanafunzi wangu, mama. Usiniingilie."

Egesa akaanza kujikokota. Changarawe zikamchubua viganja. Alipofika kwenye viatu vya Brendah, aliinua uso.

"Brendah, nipe mkono."

Brendah akaacha kucheka. "Ni mimi," alisema. "Ua niliiba mimi."

Mwalimu Arnold akakohoa. "Haya, ingieni basini."

"Hapana, mwalimu," Zulaika alisema. "Mrudishe kwanza kwenye kiti chake, na umwombe radhi. Ulimhukumu kwa sababu hawezi kukimbia."

Mwalimu alimrudisha Egesa kitini na kumwomba radhi mbele ya wote. Kisha Zulaika akamgeukia Brendah.

"Ua nitalirudisha mtini, labda litashika. Lakini sikiliza, binti. Kosa lako ulimbebesha mwenzako kama gunia, kisha ukamcheka alipoanguka nalo. Mzigo wako ubebe mwenyewe."

Brendah akafuta machozi, akashika mishikio ya kiti.

"Toa mikono," Egesa alisema.

Akazungusha magurudumu mwenyewe mpaka basini, akiyaachia alama za damu.