Mwalimu Hakuja Mazikoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mariam Poni alifagia uwanja, akamchemshia babu yake maji ya kutawadhia, kisha akampikia chai. Babu, mzee Nasuru, alipenda chai yenye tangawizi kali. Ikiwa hafifu, alikunja uso na kusema, "Hii chai imepita karibu na tangawizi, ikasalimia, ikaenda zake." Mariam alicheka kila mara, ingawa mzaha huo aliusikia tangu akiwa mdogo kule Sudan, walikokimbilia wakati wa vita. Waliporudi kwao Ludara, huko Koboko, Uganda, alikuwa na miaka saba. Sasa ulikuwa mwaka 1992, naye alikuwa darasa la sita.

Hakuwahi kumwona baba yake. Baba huyo, Sule, mtoto wa kwanza wa mzee Nasuru, alikuwa askari. Alikufa katika vita vya mwaka 1979, Mariam akiwa bado tumboni. Mama yake aliolewa tena huko Yei, Sudan, kwa hiyo aliyemlea ni babu, pamoja na bibi yake, ambaye Mariam, kama watoto wengi wa Koboko, alimwita haboba. Mtu akimuuliza Mariam baba yake ni nani, alimwonyesha mzee Nasuru.

Shule yao ilikuwa bado na majeraha ya vita. Watu walipokuwa uhamishoni, mabati yaliibwa na miti ikaota ndani ya madarasa. Wazazi waliikata miti hiyo, wakaezeka nyasi, lakini walimu wa kutosha hawakupatikana. Ndipo kanisa likamleta Mwalimu Ndunguru kutoka Mbinga, kusini kabisa mwa Tanzania. Alishuka kwenye lori akiwa na sanduku moja la vitabu na baiskeli, akatabasamu kwa kila mtu. Hakuna aliyemrudishia tabasamu.

Watu walikuwa na sababu yao. Jeshi lililoingia Uganda mwaka ule wa 1979 lilitoka Tanzania, na Koboko ni kwao familia nyingi za askari. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyeondoka na hakurudi. Kwenye mkutano wa wazazi, Abiriga, mdogo wake Sule, alisema wazi kwamba hawezi kumwacha mtoto wa marehemu kaka yake afundishwe na Mtanzania. Mzee Nasuru alisimama kwa mkongojo wake.

"Sule iko mtoto yangu mimi," alisema. "Wakati ya vita, huyu mutu iko mtoto ya shule, kama Poni. Yeye hapana leta bunduki. Yeye naleta chaki. Na sisi tulikula chakula ya Sudan miaka mingi. Nani alifukuza sisi?"

Tangu siku hiyo mwalimu akawa mtu wa nyumba ile. Mzee alimsaidia kuezeka kibanda chake karibu na shule, naye akamwita mzee "baba". Jioni walicheza bao, wakitaniana mpaka haboba akawanyamazisha kwa ajili ya kelele zao. Hata Abiriga alianza kumsalimia, ingawa kwa mkono wa haraka.

Jumamosi moja mzee Nasuru aliswali alfajiri, akasema amechoka, akajilaza. Mariam alipompelekea chai, hakuamka. Haboba aliingia, akamgusa usoni, akatoa kilio ambacho Mariam hakukisahau kamwe. Majirani wakaanza kuja mbio.

Huko Ludara, walio karibu huitwa msibani kwa kilio, na walio mbali hutumiwa mtoto. Mtu aliyepata habari ya kifo cha rafiki yake asipokuja kumzika, watu hawaulizi kama alikuwa amechoka. Wanauliza anaficha nini. Na kwa Waislamu maiti hailali, huzikwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo haboba, machozi yakimtiririka, alimshika Mariam bega.

"Poni, kimbia, ambia mwalimu. Yeye iko kama mtoto ya babu yako. Lazima yeye naweka udongo."

Mariam alikimbia katika kijia cha mashamba ya muhogo. Alikuwa bado hajalia. Njiani alijaribu kuyatamka maneno aliyotumwa: Babu amekufa. Kila alipojaribu, aliishia kwenye neno la kwanza.

Alimkuta mwalimu mbele ya kibanda chake akijaza upepo gurudumu la baiskeli. Alikuwa amevaa shati lake la safari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mariam! Babu hajambo?"

"Hajambo," alijibu Mariam.

Neno lilimtoka lenyewe, jinsi linavyomtoka kila mtu anaposalimiwa. Alitaka kulirudisha, lakini mwalimu alikwisha cheka na kuinuka. "Mwambie naenda Arua, kule misheni ya Ediofe, kuchukua vitabu vyenu. Jumatatu nikirudi nitamfunga bao mpaka aombe radhi. Haya, ulitaka nini?"

Mariam alimtazama. Mtu huyu mmoja tu, katika Ludara nzima, alikuwa bado na mzee Nasuru aliye hai. Angesema, na huyu naye angempoteza.

"Nilikuja kusalimia tu," alisema, akageuka.

Alipofika nyumbani haboba alimuuliza, "Wewe naambia yeye?"

"Nimemwambia."

"Yeye nasema nini?"

"Anakuja," alisema Mariam, akaingia jikoni akajificha nyuma ya mitungi. Huko alijiambia kwamba mwalimu atasikia kwa watu njiani.

Mwalimu alikutana na watu njiani kweli. Jirani yao Kamisi na wenzake watatu walikuwa wakienda kwa mzee Nasuru, majembe begani, kuchimba kaburi. Mwalimu alipowaona alipiga kengele ya baiskeli, akapunga mkono. "Kazi njema, wazee! Jembe halimtupi mkulima!" aliita kwa furaha, akapita kuelekea Koboko kupanda lori. Wale watu, waliojua kwamba ameshatumiwa mtoto, walisimama, wakamtazama mpaka akapotea. Kamisi alitema mate chini.

Wakazika alasiri. Haboba alitazama kijia mara nyingi, kisha akaacha kutazama. Kamisi alipowasimulia watu juu ya ile kengele, Abiriga aliinuka. Alichukua ubao wa bao uliokuwa ukutani, akaupeleka ndani, akafunga mlango.

Uvumi hauhitaji baiskeli. Kufikia Jumatatu ulikuwa umezunguka Ludara yote. Wengine walisema Mtanzania ni Mtanzania tu, alikuja kumalizia kazi ya wenzake. Wengine walikumbuka kwamba majani ya chai aliyokunywa mzee yalitoka kwa mwalimu. Waliosema hivyo wenyewe walikuwa wamekunywa chai hiyohiyo, lakini mtu akishaanza kumchukia mwenzake, kumbukumbu yake huchagua.

Mwalimu alirudi na vitabu jioni ya Jumatatu. Aliwasalimia watu, wakageuza nyuso. Paska, mama jirani aliyemtekea maji, alikuwa amemrudishia jerikeni yake, tupu, mlangoni. Asubuhi alipoingia darasani alikuta wanafunzi watano. Alimwendea mkuu wa shule, Mwalimu Candia, akamuuliza kuna nini.

"Ndugu yangu," alisema Candia, "mzee Nasuru alifariki. Walimzika Jumamosi. Watu wanasema uliambiwa, ukapita zako."

Mwalimu Ndunguru aligeuka. Aliacha chaki na vitabu juu ya meza, akaondoka kwa miguu.

Mariam alikuwa mlangoni mwa jiko alipomwona akiingia uwanjani. Abiriga alikuwa ameshamzuia njia.

"Rudi. Hapa hapana mahali yako."

"Abiriga, nimesikia sasa hivi."

"Uongo! Sisi tulituma mtoto. Baba yangu nakula na wewe sahani moja. Yeye nalala hapa maiti, wewe napigia watu ya kaburi kengele!"

"Mtoto?" alisema mwalimu. Macho yake yakatembea uwanjani mpaka yakamfikia Mariam. Mariam alishika mlango kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa amefundisha watoto wengi, na uso wa mtoto mwenye jambo moyoni aliujua. Alifungua kinywa. Mariam akangoja kusikia jina lake.

Mwalimu akafumba kinywa, akainamisha kichwa. "Sikuja kumzika," alisema taratibu. "Ni kweli. Nisameheni." Akageuka akaenda zake, na hakuna aliyemsindikiza.

Siku zilizofuata chakula hakikupita kooni mwa Mariam. Watu walidhani ni huzuni ya babu, nao hawakukosea sana, ila huzuni ilikuwa imepata mwenzake. Aliogopa fimbo ya Abiriga, lakini zaidi aliogopa uso wa haboba. Kila alipotaka kusema, alijiambia kesho. Kisha Paska akaja na habari kwamba mwalimu amekwisha aga kwa mkuu wa shule. Lori la Ijumaa lingemchukua. Darasa la saba wangefanya mtihani bila mwalimu wa hesabu, lakini Mariam hakuwaza hesabu. Aliwaza kwamba mtu aliyempenda babu atarudi kwao na jina la muuaji, na jina hilo alipewa na yeye.

Alhamisi ilikuwa karama, siku ya kumsomea marehemu dua na kulisha watu. Wageni walijaa uwanja, Waislamu na Wakristo pamoja, kama ilivyo desturi. Baada ya dua Abiriga aliwashukuru waliokuja. Kisha akasema, "Mutu moja tu baba yangu naita mtoto, na yeye hapana kuja. Kesho yeye naenda. Mungu atalipa yeye."

Mariam alikuwa akiwanawisha wageni mikono. Aliweka birika chini.

"Baba mdogo," alisema, na sauti yake ikakatika. Akaanza tena. "Baba mdogo, mwalimu hakuambiwa."

Watu wote wakageuka.

"Nilifika kwake. Aliniuliza babu hajambo, nikasema hajambo. Nilishindwa kusema. Nyumbani nikasema nimemwambia. Nilidanganya. Mwalimu alijua ni mimi, hakunitaja."

Kamisi alifunika uso kwa kiganja. Abiriga alimjia Mariam mkono juu, lakini haboba alikwisha simama kati yao.

"Wacha. Fimbo iko baadaye, kama iko." Alimwinamia mjukuu wake. Uso ule Mariam aliouogopa ulikuwa umechoka sana, na haukuwa na hasira. "Poni, mimi natuma wewe, na habari bado iko kwa wewe. Twende, peleka."

Wakaenda, haboba mbele, Mariam nyuma yake, Abiriga wa mwisho, na watu wengi wakifuata kwa mbali. Walimkuta mwalimu kibandani akikunja mashati yake juu ya sanduku. Alipoona umati alisimama, naye aliogopa, maana hakujua wamemjia kwa nia gani.

Haboba alimsukuma Mariam mbele kidogo.

"Mwalimu," alisema Mariam. Safari hii aliyasukuma maneno mpaka yakatoka. "Mwalimu, babu amekufa."

Mwalimu alikuwa amejua tangu Jumanne. Lakini hakuna aliyekuwa amemletea habari hiyo kama mtu wa nyumbani. Alikaa juu ya kitanda, shati mkononi, akalia kwa sauti kama mtoto. Mariam naye machozi yakamtoka, yale yote aliyoyazuia tangu Jumamosi. Haboba aliwashika wote wawili, mmoja kila upande.

Abiriga alisubiri mpaka wakatulia. "Mwalimu, mimi nafunga wewe njia ya baba yako," alisema. "Samehe mimi."

"Hata mimi ningemfungia njia mtu wa namna hiyo," alisema mwalimu. "Nilikwishakusamehe."

Walikwenda kaburini pamoja. Abiriga alimpa jembe, na watu wakasimama kando mwalimu alipoongeza udongo juu ya kaburi, polepole, akisawazisha kingo kwa mikono. Paska alimletea maji ya kunawa. Kamisi alikuja kumshika mkono.

"Nitabaki mpaka darasa la saba wafanye mtihani," mwalimu aliwaambia. "Baada ya hapo nitakwenda kwetu. Sina kinyongo. Lakini mama yangu yuko Mbinga, na ni mzee kama baba Nasuru. Siku hizi nimejiuliza, akifa leo, habari itanifikia lini? Baba Nasuru sikuuona uso wake mara ya mwisho. Sitaki iwe hivyo kwa mama."

Mariam alisikia kila neno. Alijua kwamba ameomba radhi na amesamehewa, na kwamba kuna kitu ambacho radhi haikurudisha.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, haboba alimketisha kando yake wakitenganisha maharage mabovu na mazima.

"Haboba, sikutaka kumfanyia ubaya," alisema Mariam mwishowe. "Niliona uchungu tu."

"Mimi najua," alisema haboba. "Uongo ingine natoka kwa ubaya, ingine natoka kwa uchungu. Zote mbili iko uongo. Habari mbaya iko mzigo, Poni. Ile siku mimi nakupa wewe kipande ndogo, ya kubeba kutoka hapa mpaka shule. Wewe naweka chini, na mutu asiye na kosa nabeba mzigo yote, na jina mbaya juu yake. Kama kweli iko nzito, ita mutu mukubwa asaidie wewe. Lakini usiache kwa njia."

Mariam aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua maharage.