Debe la Bi Mwantumu

Jamani wenzangu, sogeeni niwape ya Mikunguni, kijiji cha kando ya mto kule upande wa Mwera. Na mtu akisikia panamchoma asiseme nimemlenga yeye. Nimetulenga sote.

Zamani mto ule ulikuwa na adabu yake. Saleha aliolewa Mikunguni akitokea Moa, kwao ni bahari tupu, mamba akimsikia kwenye hadithi tu. Siku ya kwanza kutumwa maji, mama mkwe wake, Bi Mwantumu, alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, hapa hatushuki kimya kama wezi."

Wakashuka kundi zima la wanawake, jua limeshachomoza. Bi Mwantumu akageuza debe lake chini juu, akaligonga kwa mpini wa kata: ngo! ngo! ngo! Wote wakaitikia kwa sauti moja, "Hodi mwenyewe, twateka twenda zetu!" Hapo likaonekana gogo linaingia majini taratibu. Kumbe si gogo! Likakata mto mpaka ng'ambo, likapanda kwenye matete, likajilaza. Mgongo wake ulipoonekana ng'ambo, ndipo wakateka, wamesimama juu ukingoni, kwa kata za mipini mirefu. Hakuna aliyetia hata kidole cha mguu majini.

Mamba yule walimwita Bwana Afya, maana kama yule mkaguzi wa vyoo wa serikali, kila akipita watu hukimbilia ndani.

"Kwa nini hamumwui, mama?" Saleha aliuliza.

"Tumwue ametukosea nini? Yeye ana mto, sisi tuna nchi kavu. Tukipigiana hodi, nani atamdhuru mwenziwe? Na hodi yetu ndiyo hili debe."

Ilikuwa miaka ya shida, wenye umri wangu mnaikumbuka. Sukari ya foleni, sabuni ya bahati, nguo zikifuliwa kwa majani ya mpapai. Khanga moja wanakwenda nayo harusini mama na binti, kwa zamu. Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo miaka Saleha anayoikumbuka akitabasamu. Debe zima katika mtaa lilikuwa hilo moja, kwa hiyo lazima mngojane, na mkingojana mtacheka. Mambo ya waume zao wote yalisemwa pale ukingoni! Hapo ndipo Najat, bintiye Saleha, alipojifunza kugonga, bibi yake amemshika kifundo cha mkono. "Usiligonge kwa hasira. Unabisha, hugombani." Bi Mwantumu alipofariki, Mungu amrehemu, aliusia debe lake apewe mjukuu.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Maduka yakajaa, na nani hakufurahi? Saleha mwenyewe alifurahi mpaka akalia, siku aliyoshika mche mzima wa sabuni. Zikaja na ndoo za plastiki, nyekundu, buluu, za kila rangi. Kila mwanamke akawa na yake, akawa anakwenda mtoni saa yake. Ndoo ya plastiki ukiigonga inasema "pu", basi watu wakaacha kugonga. Debe likatupwa nyuma ya jiko.

Aliyeliokota ni Sabiri, mume wa Saleha.

Sabiri hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mkwezi wa minazi, mcheshi, anayependa kusifiwa. Siku moja Moiz, mwenye duka la vitambaa Chumbageni kule mjini, alikuja kununua nazi, akamwona Bwana Afya ng'ambo akiota jua. Moiz akasimama ameduwaa. "Sabiri ndugu yangu, nina wageni mjini wangefurahi sana kumwona huyu. Lakini kwa karibu."

Kwa karibu! Neno dogo hilo ndilo lililoiponza nyumba. Sabiri akaenda machinjioni akaomba matumbo ya mbuzi. Akashuka pale pale wanapotekea wanawake, kwa kuwa ndipo njia ilipo nzuri, akayatupa ukingoni. Na ili mamba ajue chakula kimewadia, akagonga debe.

Mara ya kwanza Bwana Afya alikimbia, kama alivyozoea. Sabiri hakukata tamaa. Akatupa tena, akagonga tena, siku kwa siku. Haukupita msimu, yule aliyekuwa akisikia debe akaondoka, sasa akisikia debe huja. Wageni wakapiga picha, wakapiga makofi. Sabiri akanunua redio ya kaseti, akamletea mkewe doti za khanga.

"Baba Najat," Saleha alimwambia jioni moja, khanga mpya ziko mapajani hata hajazikunjua, "debe lile mama aliliweka la kumwondoa."

"Na mimi naliweka la kumleta. Yakhe, nyakati zimebadilika!"

"Pale pale tunapoteka maji?"

"Nisipomwita haji. Kwani kuna anayegonga debe siku hizi isipokuwa mimi? Nyie si mabibi wa ndoo za plastiki?" Akacheka, akaongeza sauti ya redio.

Majirani nao walijua. Walisema? Thubutu! Kila mgeni akija, watoto wao wanauza madafu. Mdomo uliojaa hausemi.

Saleha hakuridhika, ila alitosheka kumkataza Najat asishuke siku za wageni, bila kumweleza sababu, na Najat akilisikia debe kutoka nyumbani alidhani bado ni hodi ile ile ya bibi yake. Siku nyingine hakuzitilia shaka, wala hakuwaza kwamba yuko mwingine angeligonga lile debe.

Asubuhi ile kulikuwa na harusi jirani, Saleha yuko huko anachambua mchele. Mgeni hakuwepo hata mmoja. Najat, msichana mkubwa sasa, alichukua ndoo akakuta imepasuka. Akalitazama debe la bibi yake. Akalisugua kwa mchanga, akatafuta ile kata ya mpini mrefu, akashuka mtoni peke yake. Na kwa kuwa alifundishwa akafundishika, hakuteka kwanza. Aligeuza debe chini juu.

Ngo! ngo! ngo! "Hodi mwenyewe, twateka twenda zetu!"

Kule harusini, ungo ulimdondoka Saleha. Kwa nukta moja ile sauti ilimrudisha miaka yote nyuma, akamwona mama mkwe wake yu hai. Halafu akakumbuka debe lile sasa linasema nini. "Mwanangu!" Akakimbia kichwa wazi, mchele umetapakaa nyuma yake.

Najat alikuwa amesimama ukingoni anangoja, macho ng'ambo kwenye matete, anautafuta ule mgongo kama bibi yake alivyomwonyesha. Alitazama mbali, na mamba anakuja chini ya miguu yake, akachupa akamdaka mkono ulioshika kata.

Sabiri alikuwa juu ya mnazi aliposikia ukelele. Aliteremka akichubuka kifua chote, akanyakua upondo wa mtumbwi, akaingia majini mpaka kiunoni, akamchoma mamba machoni, akachoma tena, huku Saleha amemng'ang'ania binti yake mabegani. Mwishowe mnyama akaachia. Alhamdulillahi Najat alipona. Mkono wake wa kulia haukupona. Aliondokewa nao kuanzia kiwiko.

Hospitalini, alipozinduka, alimtazama baba yake, akamwuliza kwa upole tu, maana alitaka kujua kweli: "Baba, nilikosea wapi? Niligonga. Nikapiga hodi. Nikangoja."

Sabiri aliinuka kando ya kitanda. Akatoka nje akaketi chini ukutani, akalia kama mtoto, mtu mzima yule.

Bwana nyama, yule askari wa wanyamapori, alikuja na bunduki, Bwana Afya akauawa. Mikunguni nzima ilisimama ukingoni, na hakuna aliyepiga vigelegele. Mwanamke mmoja alisema, "Masikini, alikuwa na adabu huyu," na hakuna aliyemcheka.

Sabiri aliuza redio, akakata miti, akajenga uzio ndani ya maji pale wanapoteka, mti kwa mti, peke yake, mpaka wanaume wengine wakaona haya wakaja kumsaidia. Wanawake wakarudi kushuka kwa kundi. Lakini kugonga hawagongi tena. Mto una mamba wengine, na nani ajuaye ni wangapi walijifunza kwa Bwana Afya? Ukigonga leo, hujui kama unamfukuza au unamwita.

Lile debe Saleha alilijaza udongo, akapanda mrehani, akaliweka mlangoni. Najat hulimwagilia kwa mkono wake wa kushoto. Debe lenye udongo halilii.

FUNZO

Wenzangu, mamba hakuvunja ahadi. Ahadi tuliivunja sisi, kwa mikono yetu, tukachekelea na picha tukapigwa. Mnyama mkali unaweza kuishi naye miaka na miaka ikiwa kila mmoja anakaa kwake. Ukimlisha ili akuchezee, umemfundisha njia ya nyumbani kwako.

Na sikatai neema, sabuni naipenda. Nasema hivi: kabla hujaligeuza kazi jambo uliloachiwa na wazee, kaa uulize walikuwa wakijilinda na nini. Maana siku ukiligeuza, atakayeumia si wewe mjanja uliyeligeuza. Ataumia mtoto msikivu, yule aliyeshika sawasawa kama alivyofundishwa.