Mrija wa Minerva

Jumatatu hiyo Ridhwani alikunywa chai, akala mkate, akamuaga mkewe Ramla, kisha akatembea kutoka Katoyi hadi karakana yake ya Majengo kama alivyotembea miaka yote. Mjini Goma, mwenye gari la zamani asiyetaka lichinjwe vipuri alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ulikuwa wa Ridhwani. Aliweza kukaa nusu siku akisugua kipande kimoja cha shaba, asijue kwamba nusu siku imepita.

Katikati ya karakana lilisimama gari la baba yake.

Lilikuwa Minerva, gari la Kibelgiji la mwaka 1929, lenye pua ndefu na taa kubwa kama masinia. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alipoondoka nchini alimwachia dereva wake, Muzee Djibril wa Kasongo, na huyo Djibril ndiye aliyemzaa Ridhwani. Katika gari hilo mabwana walikaa nyuma, dereva mbele peke yake, na kati yao kioo kinene. Bwana alipotaka kusema na dereva alitumia mrija. Alinong'ona kwenye mdomo wa shaba huko nyuma, na sauti ikatokea kwenye faneli ndogo kando ya sikio la dereva. Marehemu Djibril alizoea kusema kwamba maisha yake yote hakuendesha watu, aliendesha sauti.

Mwaka 2002, mlima wa moto ulipopasuka, lava ililizunguka banda la mawe la Murara ambamo gari lilihifadhiwa, ikaziba mlango, ikapoa. Zaidi ya miaka ishirini gari lilikaa humo gizani. Mwaka huu vijana waliokuwa wakivunja mawe ya kujengea walitoboa ukuta, wakamwita Ridhwani. Aliingia peke yake. Alichungulia kiti cha nyuma. Hapakuwa na kitu. Si nguo, si kiatu, si mfupa. Akalia kwa furaha. Kisha akajaribu kufungua mlango wa nyuma wa gari.

Ulikuwa umekomelewa kwa ndani.

Ridhwani alikuwa na neno moyoni ambalo hakuna mtu aliyelijua. Siku ile ya moto, watu wote wakikimbia, yeye alitaka kuliokoa gari la baba yake. Alimpandisha binti yake Nasiba, wa miaka sita, kwenye kiti cha nyuma, kisha akakimbilia Majengo kuchukua kifaa cha kutoa cheche za kuwashia moteri, alichokuwa amekiacha kwa fundi mwenzake. "Usishuke mpaka mimi nikuambie," alimwambia mtoto. Aliporudi, mto mwekundu ulikuwa umekata barabara.

Ramla siku hiyo alikuwa Sake, kwa mama yake. Ridhwani alimwambia kwamba mtoto alimponyoka mkononi katika msongamano wa mpakani. Basi Ramla akatafuta. Alikwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, akaenda kambi baada ya kambi, picha mkononi, miaka mitatu. Hata leo, mwanamke wa umri ambao Nasiba angekuwa nao sasa akipita njiani, Ramla husimama akamtazama mpaka apotee.

Jumatatu hiyo, basi, kazi ilikuwa mrija. Ridhwani alipitisha waya wenye kitambaa, akavuta. Majivu yalitoka. Alitarajia yawe makavu, lakini yalikuwa na unyevu, kama kitu kilichopuliziwa pumzi. Akausafisha, akaurudisha mahali pake, akaketi kwenye kiti cha dereva kukaza faneli. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha. Jua lilikuwa kali mlangoni.

Kando ya sikio lake, mtu akanong'ona.

"Papa, nishuke?"

Aligeuka. Nyuma ya kioo kulikuwa na fremu tupu ya kiti na springi zake.

Angeweza kusema neno moja. Alilijua neno hilo, na alijua kwamba akilisema, mtoto atakwenda, na safari hii hatarudi. Akaweka mdomo kwenye faneli.

"Bado, mama," alinong'ona. "Ngoja kidogo."

Tangu siku hiyo kazi ya Minerva haikuisha. Ridhwani alipaka rangi, ikikauka akaikwangua kwa msasa, akapaka upya. Alifungua alichokuwa amefunga. Kila adhuhuri alikaa mbele, peke yake, akisimulia mambo ya mtaa kwenye faneli, na kila adhuhuri sauti ile iliuliza swali lile, naye alijibu jibu lile.

Viti alivishona Damascène, fundi wa ngozi kutoka Masisi, mtu mwenye mdomo. Naye alipoteza mtoto siku ya moto, mvulana aliyekuwa jirani wa Nasiba na mchezaji mwenzake, lakini habari hiyo hakuisema kamwe. Yeye alitania.

"Muzee Ridhwani, hii ni rangi ya mara ya ngapi? Hii gari unaitengeneza ao unaitafutia bwana?"

"Shona, Damascène."

"Nashona, papa. Lakini mimi nitakufa, nyinyi mutanizika, na hii gari itakuwa ingali kwa saluni."

Ridhwani alicheka. Aliona kama maisha yamemrudia. Kisha, wiki ya tatu, sauti ikabadilika.

"Papa, nina kiu."

Kesho yake: "Papa, kioo kinaunguza."

Kesho yake tena hakusema neno. Alikohoa tu.

Ndipo Ridhwani akaelewa. Kule mtoto aliko, siku ile ilikuwa haijaisha. Ilikuwa inasogea, polepole, adhuhuri baada ya adhuhuri. Na kila "bado" yake iliisogeza.

Hakulala. Hakula. Lakini adhuhuri ilipofika, akasema tena, "Bado."

Siku iliyofuata Ramla alileta chakula. Ridhwani alikuwa nje akinawa mikono. Damascène alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa nyuma, misumari midogo mdomoni, akigongelea ukingo wa mwisho wa ngozi. Miguu ilimuuma Ramla. Akaketi kwenye kiti cha dereva na bakuli lake la sombe, mboga ya majani ya muhogo, mapajani.

Bakuli likaanguka.

Hakupiga kelele. Alitoka, akasimama mbele ya mumewe.

"Uliniambia mpakani."

"Ramla…"

"Miaka mitatu nilitembea, Ridhwani. Kwa miguu."

Maji yalimdondoka Ridhwani vidoleni.

"Mwambie mutoto ashuke," Ramla alinong'ona.

"Nikimwambia, atakwenda."

"Yuko anaungua. Mwambie."

Ridhwani aliketi. Alishika faneli kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto.

"Nasiba. Mama yangu. Shuka sasa. Ni papa anakuambia. Shuka."

Damascène alirudi nyuma hatua moja, kwa kuwa gari lilikuwa limetikisika. Springi ziliinuka kidogo, kidogo sana, kama zinavyoinuka anaposhuka mtu mwepesi. Ramla alifungua mikono. Upindo wa kikwembe chake ulivutwa, mara moja, jinsi mtoto anavyovuta nguo ya mama yake sokoni. Kisha ukaachwa. Ramla akabaki ameinama vilevile, mikono imefunguka, akikumbatia hewa.

Ridhwani alikuwa bado na sikio kwenye faneli.

"Papa Nasiba," sauti nyingine ikasema. "Na sisi?"

Ilikuwa sauti ya mvulana. Ilipita kwenye mrija, ikatoka nje ya mrija, na Damascène akaisikia. Misumari ilimdondoka mdomoni mmoja mmoja.

"Shuka na wewe, mwanangu," Ridhwani alisema. "Shukeni wote."

Gari halikutikisika.

"Papa yangu hajasema," sauti ikajibu.

Damascène alizunguka gari akijishikilia. Mwezi mzima alikuwa ameshona kiti hicho, akitania, akiimba, akikigonga kwa nyundo. Ridhwani alimpisha. Yule mtu wa maneno mengi aliweka mdomo kwenye faneli.

"Landry," alisema hatimaye. "Niko hapa. Shuka, mwana."

Springi ziliinuka tena.

Wote watatu walilia, na baada ya kulia walitulia, kama watu waliotoka makaburini. Ramla alikwenda kufunga mlango wa nyuma. Hakuufunga. Alimwita Damascène kwa mkono.

Ngozi ile ya ng'ombe fundi huyo aliivuta mwenyewe asubuhi, bila kunjo hata moja. Sasa katikati ya kiti palikuwa na bonde dogo. Dogo mno. La mtoto ambaye hajaanza kutembea, aliyekalishwa kati ya watoto wawili wakubwa zaidi.

Damascène aliweka kiganja. Palikuwa na joto.

"Nani?" Ridhwani aliuliza kwenye faneli. "Wewe ni wa nani?"

Alisikia pumzi tu.

Tangu hapo Minerva haijatoka karakana. Waliopoteza watoto wachanga siku ya moto hufika, wengine kutoka Murara, wengine kutoka mbali. Kila mmoja huketi mbele, hutaja jina, husema shuka, hungoja. Ramla huwapokea mlangoni. Kwa mumewe hana neno ila la kazi hiyo. Mwezi uliopita alikuja Donatille, muuza vitunguu wa Murara, aliyepoteza mapacha. Alitaja jina la kwanza. Akataja la pili. Alisikiliza sana, macho yamefumbwa, kisha akaondoa sikio.

"Si wangu," alisema. "Lakini hajalala. Ananyonya kidole."

Kila jioni Damascène huinyoosha ngozi kwa kiganja mpaka iwe laini kama meza, kisha Ridhwani hufunga karakana na kuondoka na funguo. Asubuhi bonde lipo. Na pembeni yake, mahali ambapo kichwa kidogo kingeegemea, huwa pana doa la mate, bichi, ambalo halijapata kukauka.